Mlango wa Ubavuni wa Josepha Nkwabi

Padre wetu, shehe wetu wa mtaa, wazee, watani na majirani wa Gongoni, kabla sijafika kwenye tarehe na mahali kama ilivyo desturi, naomba niseme jambo moja ambalo mimi Nestory, mdogo wake marehemu, nimeshindwa kulifumbua hadi leo. Dada yetu Josepha alijenga nyumba ndogo nyingi katika mkoa huu, na karibu kila moja aliiwekea mlango uliozibwa, yaani alipitisha linta, boriti ya juu ya mlango, ukutani, akaacha nafasi chini yake, kisha akaijaza matofali kwa udongo mtupu bila saruji, ili siku mwenye nyumba akiongezewa mtoto au mgeni wa kudumu ayatoe yale matofali na kuunganisha chumba kipya. Nyumba yake mwenyewe ina mlango wa namna hiyo, ila wake ni mpana kuliko yote, na umetazama ua wa jirani yake, Bi Mwanamkuu, mahali ambapo hapawezi kuongezwa hata banda la kuku. Nilimwuliza mara nyingi ni wa nini, naye kila mara alinijibu, "Nestory, kunywa chai, inapoa."

Josepha Nkwabi alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kijiji cha Tutuo, Sikonge, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Nkwabi, mrina asali, akitanguliwa na kaka yetu Limbu na kufuatiwa na mimi. Wakati wa msimu baba alihamia porini, na Josepha aliruhusiwa kumfuata, wakalala kwenye kibanda cha magome na nyasi ambacho kila kitu ndani yake kilikuwa na mahali pake, na moshi ulijua pa kutokea. Baba alitusimulia kwamba babu yake, aliyekuwa mpagazi wa njia ya Bagamoyo, alijenga kibanda kila jioni msafara ulipotua, na asubuhi hakukibomoa, alikiacha kimesimama kwa ajili ya wale watakaokuja nyuma. Sisi wengine tuliyasikia hayo kama hadithi, lakini yeye aliyashika.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Tutuo kuanzia 1966 hadi 1972, akajiunga na sekondari ya wasichana hapa Tabora hadi 1976, kisha akaenda Dar es Salaam kusomea ujenzi katika chuo cha ufundi, na kurudi mwaka 1980 kuanza kazi serikalini, akisimamia majengo ya mkoa. Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu Ambrosi, fundi wa reli, ambaye yuko nasi hapa, wakajaliwa watoto wawili, Modest na Kabula.

Mwaka 1996 aliacha kazi ya ajira na kufungua karakana yake Gongoni, akafyatua matofali ya udongo na saruji kidogo kwa mashine ya mkono, yanayofungamana bila kuchomwa tanuruni, kwa sababu alisema misitu yetu imekwisha kwa kuwalisha kuni wakaushaji tumbaku, na hakuona haja ya kuipeleka iliyobaki kwenye tanuri la matofali. Hakuwalaumu wanaochoma, alisema kila mtu anajenga kwa alichofundishwa. Yeye mwenyewe aliwahi kukosea, na alipenda kulisimulia kosa lake kuliko sifa zake. Familia moja ya wafugaji wa Igunga ilimpa kazi ya nyumba, akaichora vizuri, sebule, chumba na jiko, na aliporudi baada ya masika alikuta ndama wamelala sebuleni na watu wamejibana jikoni, na mama mwenye nyumba akamwambia, "Fundi, nyumba yako nzuri, ndama wameipenda sana." Alicheka hadi akakaa chini, kisha akaongeza zizi kwa gharama yake, na tangu siku hiyo hakuchora mstari kabla ya kuuliza nani mwingine analala humu, na nani atakuja. Milango ya kuzibwa ilianzia hapo.

Ugonjwa wa ini ulimwanza mwishoni mwa mwaka 2023, akatibiwa hospitali ya Kitete, akapelekwa Mwanza, akarudishwa Kitete, na tarehe 10 Juni 2025, Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, akatutoka. Siku mbili kabla alinishika mkono akasema, "Msinipeleke kwenye nyumba kubwa ya mtu. Nilale kwangu, nitokee kwangu." Hilo ndilo pekee alilotuomba, na jana jioni nusura litushinde.

Wengi wenu mliona. Jeneza lilipita mlango wa mbele, likafika kwenye kona ya kuingia sebuleni, likagoma. Tulilisimamisha, tukaliinamisha, tukaogopa, tukalirudisha barazani. Kaka Limbu, kwa mapenzi ya kaka mkubwa na wala si kwa majivuno, alisema tumpeleke kwake, kuna sebule ya kutosha watu wote, na shemeji Ambrosi akatokwa na machozi, maana naye aliusikia ule wosia. Hapo ndipo mtani wetu Idrisa, Mzaramo, aliyefanya kazi na Ambrosi relini, alipojilaza kizingitini na kupiga kelele, "Wanyamwezi nyie! Mmebeba mizigo ya watu hadi pwani, leo mzigo wenu wenyewe umewashinda kona! Na kiberiti hiki alichowajengea dada yenu, nani kawaambia kinafunguliwa mbele? Kiberiti husukumwa ubavuni, wajinga nyie!"

Watu walicheka, kisha Modest akageuka kuutazama ukuta wa ubavuni.

Hakuna aliyetumwa kwa Bi Mwanamkuu kuomba njia. Tulipozunguka tulimkuta ameshaanua kanga zake kwenye kamba na wanawe wanang'oa mabati ya uzio, naye anawahimiza, "Fanyeni haraka, mwenzangu yuko nje. Miaka yote hajaingia kwangu bila hodi, leo apite bila hodi." Modest alianza kwa nyundo, akaiweka chini, kwa kuwa matofali yalitoka kwa mkono, moja baada ya jingine, na dada yetu akaingia moja kwa moja bila kuinamishwa, akalala kwake, na leo asubuhi akatokea kwake.

Je, alilijua hilo tangu alipopitisha ile linta? Au alitaka tu siku moja afungue njia ya kwenda kwa jirani yake bila kuzunguka barabarani? Sijui, na aliyejua ameondoka na jibu lake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kitete na wa Mwanza, mafundi wenzake, jumuiya yake, waumini wa msikiti wa jirani waliotuletea maji na mikeka, watani ambao hawakutuacha tulie peke yetu, na Bi Mwanamkuu, ambaye hatuna neno linalomtosha.

Kikao cha ukoo cha alfajiri ya leo kiliamua mambo mawili, na yote mawili aliyatoa kaka Limbu. La kwanza, mlango ule hautazibwa tena, utawekewa ubao wa kufungua na kufunga, na Bi Mwanamkuu ameridhia. La pili, matofali yaliyotoka humo yasirudi karakanani. Kaka Limbu aliyapakia mwenyewe kwenye gari lake, akayaleta hapa makaburini, akashuka shimoni na umri wake ule, akawa anampa Modest moja moja, na Modest akajenga kuta hizi mnazoziona.

Dada, umepata chumba kidogo, kwa matofali yako. Pumzika humo kwa amani.