Nyumba Iliyo Karibu na Kila Kitu

Pale kijijini Kashuga, mbele ya kibanda cha kahawa cha Mama Françoise, kuna benchi la mbao ambalo vita imeshindwa kulichoma. Asubuhi ile ya mwaka 2012 ukungu ulikuwa bado mzito, na wenye benchi walikwisha kaa: Ingénieur, yaani injinia, ambaye hajajenga hata choo, na Mapema, aliyepewa jina hilo kwa kuwa vita ikianza hukimbia kabla ya wote. Katikati yao alikaa Papa Kasika. Mguu wake ulivunjwa na mzigo wa koltani kule mgodini Rubaya. Gari hajui kuendesha, pikipiki hawezi kupanda, na mkewe Kaswera haoni. Maskini, alitafuta nyumba ya kununua, ili risasi zikilia wazee wawili wafike msituni kwa mguu.

— Nimeipata, alisema. Ile ya pembeni ya kisima. Kanisa iko karibu, soko iko karibu, na njia ya msitu inaanzia nyuma ya jikoni.

Mama Françoise aliacha kumimina.

— Ile yenye ingali na mabati?

— Ndiyo, njo ile.

Kashuga imekimbiwa mara nne, na kila mara nyumba ziling'olewa mabati na milango. Ile haikuguswa hata msumari.

— Ni juu ya vile mabati yake iko nzito, alisema Ingénieur. Mwizi hapendi uzito.

— Acha bongo, kaka, acha uongo, alisema Mapema. Askari moja aliingia mule kutafuta kuni. Alitoka anaitika, na hakuna muntu mwenye alimuita. Haraka haraka haina baraka.

Aliyasema hayo yeye, bingwa wa mbio.

— Mie kila asubuhi ninaona moshi kule, alisema Mama Françoise. Harufu ya sombe, majani ya muhogo, na chungu siioni.

Kasika akaona heri aseme na lake.

— Jana nilipima kwa mguu. Kwenda kisimani, hatua makumi ine. Kurudi, makumi mbili.

— Njo vizuri, alisema Ingénieur. Nyumba inakuja kukupokea. Mugeni njoo, mwenyeji apone.

Hapo akatokea mwanamke mwenye mzigo mgongoni, Aimée, mkimbizi wa kambi iliyo mwisho wa njia ile ya msitu. Aliomba kahawa, akasikiliza.

— Papa, siku ya vita ya mwisho sisi njo tulipokea bantu ya Kashuga. Balifika bote, hata bilema. Ba ile nyumba tu njo habakufika, mupaka leo. Sasa unainunua kwa nani?

Mapema alisogea mwisho wa benchi, upande wa njia.

Kasika alikuwa ameongea na mwenye nyumba mara mbili. Mzee mpole, na mkewe mpole. Alfajiri ya siku ile walimwomba amwache Kaswera jikoni kwao, auzoee mlango, naye akamwacha.

Akaishika fimbo yake, akasimama. Hakuna aliyemfuata.