Michembe Niliyoikuta Uchina

Akina mama wa kikundi, na ninyi akina baba mliojibanza kwenye kivuli cha ukuta, nimeombwa nisimame nishuhudie jambo lililonipata nikalivuka. Nilikuwa nimejiandaa kusema habari ya ugonjwa wa mguu wangu. Nimeiacha. Nimekasirika, na nitasema nikiwa nimekasirika hivi hivi.

Asubuhi hii mke mmoja aliyeolewa hapa juzijuzi, simtaji, amekuja na chungu cha michembe iliyopikwa kwa karanga. Viazi vitamu vyake amevilima yeye, akavikata yeye, akavianika yeye. Kwa kuwa leo tuna mgeni kutoka mjini, mama mmoja wa humu humu, naye simtaji, anajijua, akamwambia, "We binti, hicho ficha. Mgeni atasema tuna njaa." Chungu kikawekwa nyuma ya mlango wa jiko, wali ukaletwa mbele. Yule binti nimemkuta anafuta macho kwa kitenge. Sasa nisikilizeni.

Wengi mnajua niliwahi kuishi Uchina. Watoto wenu huniita Bibi Mchina wakidhani sisikii. Mume wangu alikuwa mwalimu, tukikaa Ngokolo, pale Shinyanga. Serikali ikamchagua aende Peking kuwafundisha Kiswahili vijana wa kule. Mimi shule niliiacha mapema. Kusoma naweza, kuandika kwa shida. Watoto wakubwa tukawaacha kwa mama yangu, tukaenda na binti yetu wa mwisho, ndiyo kwanza ameacha kunyonya.

Mama alinifungia mfuko. Ndani yake michembe, nsansa, yale majani ya kunde makavu, na unga wa ulezi wa uji wa mtoto. Akaniambia, "Mayu, mwanangu, huko sijui wanakula nini. Mtoto asikose kitu anachokijua."

Peking tulipewa vyumba viwili ghorofani, kwenye jengo la wageni, na jiko dogo pembeni. Siku ya kwanza namwogesha mtoto, nikasikia mume wangu anafungua mfuko.

"Mama watoto, hiki nini?"

"Chakula."

"Chakula? Tumekuja hapa wageni wa serikali. Unataka waseme kwetu tunakula maganda?"

Nikadhani ni maneno tu. Nilipotoka na mtoto nimemfunga taulo, mfuko haupo. Amempa mhudumu wa jengo akautupe. Ndugu zangu, nimesali, nimeungama, lakini mfuko ule ukinijia moyoni mpaka leo nauma meno.

Basi nikaingia kazi ya kutafuta chakula. Sisi wageni tulikuwa na duka letu. Lilikuwa na mchele mweupe, siagi, maziwa ya kopo, biskuti, matufaha yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Unga wa ugali hakuna. Nikamwonyesha muuzaji kwa mikono: natwanga, napepeta, nasonga. Akaita wenzake. Nikatwanga tena mbele yao wote, jasho linanitoka na nje kuna barafu. Wakashauriana, mmoja akaenda nyuma, akaniletea ufagio. Chekeni tu. Mimi siku ile sikucheka.

Nikanunua unga wa ngano, nikasonga. Ikawa gundi. Mwiko ulisimama wenyewe katikati ya sufuria. Mtoto akatia tonge mdomoni, akalitoa, akanitazama kama mimi ndiye niliyemkosea. Nikaenda maduka ya wenyeji. Huko nafaka ilitolewa kwa vikaratasi vya mgawo, na sisi hatukuwa navyo. Hata sijafika ndani, wananionyesha kwa kidole: duka lenu liko kule.

Mtoto alikataa wali, akakataa mkate, akakataa mayai. Maziwa ya kopo aliyatapika. Miguu ikawa vijiti, nywele zikawa nyepesi, rangi ya kutu. Ninyi mmezaa, mnajua nywele za namna hiyo zinasema nini. Mume wangu alikuwa anakula bwaloni na walimu wenzake, anarudi anajipangusa midomo. Nikamwambia, "Baba, mtoto anakwisha."

Akasema, "Anadeka. Njaa itamfundisha."

Nimetukanwa mara nyingi katika maisha yangu, na matusi mengi nimeyasahau. Hilo halikuwa hata tusi, na sijalisahau.

Nilimfunga mtoto mgongoni nikasema naenda hospitali kwa miguu hata kama sijui njia. Ndipo mume wangu akatufuata. Alikuja pia kijana mkalimani, mwanafunzi wake, Kiswahili chake kimenyooka kama redio. Daktari akapima, akabonyeza tumbo, akasema maneno yake. Kijana akanigeukia: "Mama, daktari anasema hana ugonjwa tumboni. Apewe chakula alichokizoea nyumbani."

Nikamtazama mume wangu. Yeye akatazama viatu vyake.

Sasa nikitoe wapi hicho chakula alichokizoea? Kilikuwa kwenye mfuko, na mfuko umetupwa.

Mwisho wa baraza ya ghorofa yetu kulikuwa na chumba ambamo mhudumu alichemsha maji ya jengo zima. Mchana mmoja nikaenda na chupa yangu ya chai. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda anakula. Aliponiona akafunika bakuli haraka kwa aproni. Lakini nilikwisha kuona. Michembe. Damu ikanipanda. Nikasema moyoni, huyu ndiye aliyepewa mfuko wangu, naye hakuutupa, anakula chakula cha mwanangu. Nikaivuta aproni, nikanyakua bakuli, nikatia kipande mdomoni.

Haikuwa ya mama yangu. Mama alikuwa anakata nyembamba, kwa urefu. Hii ilikuwa ya mviringo, minene, imechemshwa ikalegea. Lakini ladha ni ile ile, utamu wa jua na vumbi kidogo. Nikakaa sakafuni na bakuli la watu mkononi. Yule mama alikuwa mwekundu hadi masikioni. Nikadhani ananiogopa.

Hakuwa ananiogopa. Mkalimani alipoitwa ndipo nikajua. Kwa wazazi wa yule mama, huko shambani, wakivuna viazi vitamu wanavikata, wanavianika, wanakula miezi yote ya baridi. "Anasema ni chakula cha maskini," kijana akanieleza. "Anaona aibu mgeni kumwona nacho."

Nimevuka bahari, ndugu zangu, kwenda kukuta mwanamke anaficha michembe. Mume wangu aliitupa yangu ili watu wale wasituone, na wao wanaificha yao ili sisi tusiwaone. Katikati mtoto wangu anakufa.

Yule mama aliniletea furushi. Michembe, na unga wa mahindi wa njano, mkavu, safi. Kumbe unga ulikuwepo mji mzima. Duka letu halikuwekewa kwa sababu walidhani wageni hawali vitu vya watu wa chini.

Nikapika michembe kwa karanga, nikaiponda. Mtoto alinusa tu, akaanza kulia anataka, hata sijaipua.

Wakati huo huo mlango ukafunguliwa. Mume wangu, walimu wawili wa nchi nyingine, na yule mkalimani.

"Mama watoto, funga hilo jiko. Harufu."

Nikatoka na sufuria, nikaiweka juu ya meza yao, nikamkalisha mtoto mbele yake.

"Unanitia aibu," akaninong'oneza.

"Aibu ni mtoto wa mgeni wa serikali kufa na njaa katika nyumba ya serikali. Kaa chini utazame."

Mtoto akatia mikono yote miwili. Alikula mpaka kwenye nyusi. Yule kijana akaitazama sufuria muda mrefu, akasema chini chini, "Bibi yangu anapika hivi." Nikamwambia, basi chota. Akawatazama wenzake, hakuchota. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia.

Mume wangu yuko hai, amebaki nyumbani na mgongo wake. Magego hana tena. Kila jioni anauliza kama yapo matobolwa, maana yale yamechemshwa kabla ya kuanikwa, ni laini. Nampikia, mimi si mtu mbaya. Lakini kila nikimwekea sahani namuuliza, "Njaa imekufundisha?" Anavuta sahani, anakula.

Namshukuru mama yangu, Mungu amlaze pema, aliyejua kabla yangu. Namshukuru yule mama wa Uchina ambaye jina lake sikuweza kulitamka, nilimwita Dada, akaitika. Namshukuru kijana yule kwa maneno aliyonifikishia, hata kama mkono wake uliogopa. Na yule mtoto ni huyu hapa amekaa mkekani ananyonyesha. Mtazameni nywele zake.

Mnataka niwape funzo. Chakula kilichokulea usikifiche, kwa sababu siku utakapokihitaji utakuta hata jirani yako amekificha, na hakuna wa kumuuliza.

Nimemaliza. Binti, toa chungu nyuma ya mlango, kilete hapa katikati. Mgeni wetu, shika sahani, wewe ndiye utachota wa kwanza. Na wewe mama unayejijua, sogea, nimekuachia nafasi hapa ubavuni kwangu.