Editha Ni Mkataji, Si Mfagiaji

Editha Komba aliingia kiwandani kwetu Temeke mwaka 1995, na anastaafu Ijumaa tarehe 30 Januari 2026. Miaka thelathini na moja. Sare za shule walizovaa watoto wenu, na nyie wenyewe wengine, kazikata yeye. Alikuwaga analaza kitambaa mezani kwa kiganja tu, na kinakaa sawa.

Alipofika miaka hamsini usingizi ukamkimbia. Jasho linamtoka hata asubuhi ya mvua, analia mbele ya uji, anasahau jina la mwanawe. Siku moja akakata mashati mia mbili, mikono yote ya kushoto. Mlicheka wiki nzima. Gaudens, msimamizi, akamnyang'anya mkasi, akampa ufagio: "Bi mkubwa, kichwa kimeshafunga duka." Mkacheka tena! Wengine mkasema jini. Na mie mpishi wenu sijitoi: nilimpa kombe, maandishi ya Kurani kwa zafarani, yaliyooshwa kwa maji. Yeye Mkristo wa Songea, akanywa kwa kuniheshimu tu. Tulikosea wote.

Daktari ndiye aliyemwambia: hedhi inakoma, homoni zinashuka, na ubongo nao unaguswa. Usingizi, kumbukumbu, hata furaha. Si wazimu huo. Akamuuliza habari za saratani ya titi na damu kuganda, maana dawa za homoni hazimfai kila mwanamke. Yeye zikamfaa. Baada ya miezi michache analala, machozi yamekatika, akarudi na karatasi ya daktari kudai mkasi wake. Gaudens hata hakuisoma.

Miaka tisa kafagia nyuzi, na wakataji nawaona wanamfuata hukohuko kwenye ufagio: "Shikamoo mama, hebu tuangalizie hii." Anaangalia, anarekebisha, anarudi kufagia. Hamna haya?

Mama zenu wamepita hapo, wake zenu watapita. Nao mtawapa ufagio?

Sasa cheti cha kumuaga nimekiona ofisini. Kimeandikwa "mfagiaji". Gaudens, kiandikwe upya: mkataji mkuu. Pilau ya Ijumaa naipika mie, na sufuria haifunuliwi mpaka cheti kisomwe kwa sauti, wote wasikie.

Editha mdogo wangu, ahsante kwa kila shati. Nenda kapumzike, ulale usingizi wako wote, na Mungu akupe siku nyingi za kucheka.