Video ya Hina Ilipoingia Darasani

Assalamu alaykum mama zangu, baba zangu, na nyinyi wanafunzi mlioletwa kwa nguvu, nawaona mnavyonuna. Mwalimu kaniambia niseme kwa ufupi. Mie ufupi siujui, lakini nitajaribu. Majina ya watu sitayataja.

Nilikuwa kidato cha nne, skuli hii hii. Mtoto wa mama yangu mdogo anaolewa, tukawa na hina yake alasiri, nyumbani kwao Madungu. Hina zetu mnazijua. Wanaume wako nje barazani, mlango umefungwa, ndani wanawake watupu, basi ushungi tunavua, nywele tunaachia, na ngoma ikilia hata bibi kizee anatikisa bega. Huoni haya, maana hakuna wa kumwonea haya. Na mie kucheza nakupenda, wallahi! Siku ile nilizunguka mpaka kanga ya sare ikataka kunivuka.

Msichana mmoja akarekodi kwa simu. Akamrushia shoga yake mmoja tu, akamwambia usimpe mtu. Ndugu zangu, nawaambia, hilo "usimpe mtu" ndilo linalofikisha video mpaka bandarini Mkoani. Jumatatu ilikuwa ishaingia kwenye kundi la darasa, imetiwa vikatuni vya kucheka. Wakanipa jina, Bi Ngoma. Nikiitwa ubaoni, mtu huko nyuma anapiga dawati kwa vidole, tu-tu-tu, darasa zima linaangua kicheko. Mwalimu akiuliza kuna nini, wote wameinamia madaftari.

Nikawajibu kwenye kundi, kwa matusi ambayo mama yangu hakunifunza. Wakayachukua na hayo, wakayasambaza.

Basi nikaanza kuumwa. Leo tumbo, kesho kichwa. Mtihani wa taifa uko karibu, na mie nishakata shauri skuli siendi tena. Nitamwomba baba anipeleke kwa shangazi, kisiwani Fundo, nikasahaulike huko. Nilichokiogopa zaidi ni baba kuiona. Simu yake ikilia, mie naganda pale nilipo. Nililia mpaka macho yakavimba.

Akaja nyumbani mwanafunzi mwenzangu, msichana mpole ambaye darasani hata sauti yake huisikii. Akakaa kitandani kwangu.

"Usiwajibu tena," akanambia. "Wala usifute kitu. Nimepiga picha ya kila walichoandika, na majina yao yamo. Twende kwa mamako."

"Mama atanichinja!"

"Akuchinje kwa kosa gani? Kucheza hina?"

Khaa! Mie hilo sikuwa nimeliwaza. Muda wote nilijiona mkosaji.

Tukamwambia mama. Alilia kidogo, akajitanda kanga yake, akatuchukua moja kwa moja kwa mdogo wake, mama wa bi harusi. Sasa huyo mama mdogo wangu, wanaomjua wanamjua. Hakuniuliza kwa nini nilicheza. Aliitazama video, akasema, "Kwani umo peke yako humu? Mimi huyu hapa, kichwa wazi. Hii ni hina yangu, na niliowaalika ni amana yangu."

Wakaenda kwa mwalimu wa unasihi, akawapeleka kwa mwalimu mkuu, wakawaonyesha walimu zile picha za kundi. Kisha wakaja darasani, mie nimetangulizwa kwenye dawati langu. Sikuamini macho yangu. Wanawake wa ile hina, safu nzima, wamejitanda kanga zile zile za sare! Darasa likanywea.

"Nani anacheka?" mama mdogo akauliza. "Basi acheke sasa. Mlipomtoa mtoto huyu nje kichwa wazi, na sisi tulikuwa nyuma yake. Mmetutoa sote."

Kijana mmoja akalaza uso kwenye dawati. Mamake alikuwa kwenye ile safu.

"Nyanyua uso, baba," mamake akamwambia, tena kwa upole. "Umenitazama kwenye simu, nitazame na hapa."

Jamani, kifua changu kilifunguka siku ile.

Mwalimu wa unasihi hakuishia kwenye kufuta. Kila aliyeirusha alimfuata aliyemrushia, amwombe afute naye. Waliocheka kwenye kundi wakaomba radhi kwenye kundi lile lile. Walioanzisha waliitwa pamoja na wazazi wao, na yaliyosemwa humo mie sikuyauliza. Na baba? Kumbe mama alishamwambia. Aliniletea kalamu mpya za mtihani, akasema, "Kesho skuli nakupeleka mwenyewe."

Sikudanganyeni, haikufutika yote. Mwaka jana kuna mtu wa Unguja kanirushia ile video. Nikamzuia, nikampigia yule shoga yangu mpole, tukaishia kuzungumzia harusi yake. Mtihani nilifaulu, na leo nasomea ualimu.

Namshukuru Mwenyezi Mungu, kisha shoga yangu, mama zangu wawili na mwalimu wangu. Wazazi, mtoto akikuleteeni simu analia, msianze na "ulifanya nini?" Na nyinyi wenye vidole vyepesi, kabla hujarusha, muulize aliyemo.

Na wewe uliyekaa humu, unacheka na wenzako na ndani unaungua. Sikujui, wala sitakutafuta kwa macho. Mkutano ukisha nitakaa pale nje. Njoo na simu yako. Ukiogopa kuja mbele za watu, nipungie mkono tu, nitakufuata mimi.