Daktari wa Macho Anauliza Habari za Kukoroma

Benchi letu liko barazani mwa duka la Mukesh, hapa Keumbu, ubavuni mwa cherehani ya fundi Ochoki. Fundi huyo sisi tunamwita Trekta, maana akilala anakoroma kama trekta inayopanda mlima na tela la mawe. Wengine ni Redio, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Askofu, Msabato asiyemwongoza mtu yeyote, analima chai na kahawa lakini dini yake inamkataza kuvinywa, kwa hiyo sisi tukinywa kahawa yeye anakuja na maji yake ya moto. Na mimi, niliyebeba sanamu za mawe ya Tabaka hadi Lusaka na Ndola kuziuza, nikazirudisha zikiwa nzima. Ijumaa moja ya mwaka wa tisini na tisa, Trekta alirudi kutoka kwa daktari wa macho Kisii mjini amefura kama andazi.

— Nimempelekea jicho, yeye ananiuliza kukoroma! Kesho nikimpeleka mguu, si ataniuliza kofia?

— Kwani jicho lina nini? Redio akauliza.

— Niliamka tu Jumapili. Haliumi, halina tongo, lakini hili la kushoto limezimika nusu ya chini. Nikifumba la kulia nikimtazama mke wangu, Mama Gesare, naona kitambaa cha kichwa tu. Mdomo hakuna.

— Bwana, huo si ugonjwa, ni neema, nikasema.

— Cheka! Na sindano ya cherehani iko juu ama iko chini? Anasema mshipa unaotoka jichoni kwenda kwa ubongo umevimba. Eti nikikoroma koo linajiziba, pumzi inakatika, damu inakosa hewa, mshipa unakufa njaa. Tena anakubali hata wao bado wanachunguza! Ila hataki kubahatisha na jicho la pili. Ati Jumatatu nirudi na mtu aliyenisikia nikilala. Siendi!

Benchi likawaka moto.

— Mtu gani huyo? Askofu akafoka. Mama Gesare alihamia nyumba ya jikoni zamani, kelele zilimshinda. Kijana wako hawezi kukanyaga chumba cha baba yake, hiyo ni chinsoni, ni aibu ya kulaaniwa. Sasa daktari anataka nani aingie? Anataka kubomoa boma la mtu! Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Uzazi umeingia wapi hapo? nikauliza.

— Umeingia tu.

— Mimi nawaambia ni nailoni, akasema Redio. Vitambaa vya siku hizi vinametameta, vinapiga jicho miale. Kikulacho ki nguoni mwako!

Trekta alikuwa ameanza kusinzia. Alikuwa ameegemea ukuta, kidevu kimeshuka kifuani. Siku hizi usingizi humchukua hata kitambaa kikiwa mkononi. Trekta ikawaka, ikaanza kupanda mlima. Sisi tukapandisha sauti juu yake, kama kawaida.

— Nailoni gani? nikasema. Nikiwa Ndola niliambiwa na mtu mwenye suti kwamba mkoromo ukikosa njia puani, unarudi juu, unalisukuma jicho kwa nyuma. Dawa ni kulala umevaa miwani.

— Uongo! Redio akaruka. Ni mwaka elfu mbili! Si mmesikia kompyuta zote zitazima? Na jicho ni nini kama si kompyuta? La Trekta limetangulia. Januari sote tunapapasa!

— Na daktari anajua, akasema Askofu. Anatuficha! Ndiyo maana anauliza kukoroma.

Tulikuwa tumekasirika kweli, hata watu wa ndizi ng'ambo ya barabara wakageuka. Hapo akatoka dukani Nayna, mke wa kijana wa Mukesh, aliyeolewa juzi kutoka Kisumu. Alikuwa ameleta kitambaa cha blauzi. Akamtazama fundi kidogo.

— Samahani wazee. Mbona hapumui?

Trekta ilikuwa imezima. Tumbo lilikuwa linavuta, linavuta, lakini puani hapakutoka kitu.

— Aa, hiyo ni kawaida, dada, akasema Redio. Huwa anapumzika hivyo.

— Anapumzika kupumua?

Redio akatega sikio puani mwa fundi, habari ikawa hakuna. Mimi nikatazama viatu vyangu. Miaka yote nimekaa bega kwa bega na huyu mtu, na kimya chake kila mara nilikipokea kama zawadi: sasa tunaweza kusikizana. Midomo ya Ochoki ikaanza kubadilika rangi. Nikamshika bega nikamtikisa.

— Khaaa!

Akavuta hewa kama mtu aliyeopolewa kutoka mto Gucha. Akafungua macho, lile zima na lile la nusu.

— Sijalala, akasema. Nawasikia. Mmefika wapi?

— Jumatatu, nikamwambia. Mashahidi umepata, tata, mzee wangu.

— Mashahidi wa nini? Nani amenisikia? Nimesema siendi!

— Utaenda, akasema Askofu. Hata kwa kubebwa kama mkungu wa ndizi, utaenda.

Nikamtazama Askofu vizuri. Alikuwa ameshika kikombe changu, na kahawa yote ilikuwa imekwisha, hadi masimbi, yale machicha ya chini. Hakuna aliyemwambia kwamba hayo hayakuwa maji yake ya moto.