Ng'ombe Aliyeondoka Katikati ya Hotuba: Maisha ya Mzee Zéphyrin Ngarambe (1946–2025)

Marehemu Mzee Zéphyrin Ngarambe alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 huko Bijombo, katika nyanda za juu za Kivu Kusini, mtoto wa tatu wa Mzee Ruta na Mama Umurerwa. Alichunga ng'ombe kabla ya kujua kusoma. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alijifunza kuita ng'ombe kabla ya kujifunza kuita watu, na kweli mpaka uzeeni, akitaka mjukuu aje haraka, alimpigia mluzi. Wajukuu walilalamika kwa Kiingereza, lakini walikuja.

Alisoma shule ya misheni ya Lemera, kisha sekondari Uvira. Vita vya mwaka 1964 vilipofunga shule, alivuka ziwa hadi Kigoma na hatimaye akafika Dar es Salaam, ambako alibeba mizigo na kujisomea. Huko alisikia kwamba Chekoslovakia inatoa nafasi za masomo kwa vijana wa Afrika. Walipomuuliza anataka kusoma nini, alikuwa ameona filamu moja tu maishani mwake, ya Misheni, kuhusu kunawa mikono. Akajibu: sinema. Aliondoka Septemba 1966, akajifunza Kicheki mwaka mzima, na mwaka 1967 akaingia chuo cha filamu mjini Praha.

Mzee alipenda kuwaeleza wanawe jinsi mambo yalivyokuwa huko, na inafaa tuyaeleze hapa, maana bila hayo maisha yake hayaeleweki. Katika nchi ile ya kikomunisti kila kitu kilikuwa mali ya serikali, hata kamera, hata taa za ukumbi. Gazeti lilisema lilichoagizwa, na mkubwa akihutubia watu walipiga makofi wakiwaza chakula cha jioni. Lakini katika miaka hiyo ya sitini mlango ulikuwa umefunguliwa kidogo, na vijana wa sinema wakaupitia upesi kabla haujafungwa. Walitengeneza vichekesho juu ya watu wadogo, harusi, ofisi, mabwana waliojiona wakubwa. Hakuna aliyetajwa jina. Ukumbi mzima ulijua anasemwa nani, ukacheka, na aliyesemwa hakuweza kuwafunga watu wote kwa sababu ya kicheko. Mzee alisema kwamba kule ndiko alikojua kuwa kucheka nako ni kusema.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Agosti 1968 majeshi ya Urusi na washirika wake yaliingia na vifaru. Walisema wamekuja kama ndugu, kusaidia. Wenyeji waling'oa vibao vya barabarani ili wageni hao wapotee njia, na Zéphyrin, aliyekuja kuwa shemasi wetu, mtu mpole ambaye hapa Louisville, Marekani, hakuwahi hata kuvuka taa nyekundu, alikiri kwamba kibao kimoja alikishika yeye.

Mwaka uliofuata, Juni 1969, yeye na rafiki yake wa chuoni, Otakar Vrba, walitengeneza filamu fupi katika kijiji kimoja cha Moravia. Waliiita “Mgeni”. Shamba la ushirika linangoja kutembelewa na mkubwa kutoka mjini, lakini ng'ombe wao wote wamekonda. Wanaazima ng'ombe mmoja mnene kutoka kijiji cha jirani, wanamvika shada la maua, wanamweka mbele. Mkubwa anaanza hotuba. Katikati ya hotuba ng'ombe anageuka na kwenda zake kwao, na bendi ya kijiji, ambayo ilikuwa imeambiwa imfuate ng'ombe, inamfuata ikipiga muziki. Mkubwa anabaki akihutubia nyasi.

Wenzao chuoni waliwaambia kwamba ng'ombe hawezi kufundishwa kuigiza. Zéphyrin hakumfundisha. Alichagua ng'ombe mwenye ndama mchanga, akaacha ndama nyumbani, akapanga hotuba ianze kiwele kinapojaa. Kisha akasimama mbali, nyuma ya kamera, akaita kama wanavyoita Bijombo. Otakar alizoea kusema kwamba hakuna mwigizaji wa Praha aliyewahi kujua sababu yake ya kutoka jukwaani vizuri namna ile.

Januari 1970 filamu ilifikishwa mbele ya kamati ya serikali ya kukagua filamu. Wakati huo mlango uliofunguliwa kidogo ulikuwa unafungwa tena kwa nguvu, mpaka wa nchi umefungwa, na filamu nyingi za watu wakubwa kuliko wao zilikuwa zikiwekwa kabatini. Kamati iliuliza ng'ombe huyu ni nani. Otakar akajibu kwamba ni ng'ombe. Wakauliza kwa nini ni wa kuazima, na kwa nini mgeni huyu anarudi kwao. Zéphyrin akawatafsiria methali ya nyumbani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kila mtu chumbani alijua ni wageni gani walikuwa bado hawajarudi kwao. Wakaambiwa wakate mwisho, ng'ombe abaki mpaka hotuba iishe. Wakakataa. Filamu ikafungiwa. Otakar alifukuzwa, akawa mchochea moto wa tanuri za kupasha nyumba joto, na Zéphyrin hakuongezewa muda wa masomo. Alirudi nyumbani mwaka 1971 bila cheti.

Alifundisha historia na Kifaransa sekondari huko Uvira, na hapo ndipo alipomwona Dative Nyirangabo, binti wa Mchungaji Salomon Gasore. Mchungaji alikuwa mtu wa haki na mwenye sauti. Alipoletewa habari za mchumba, hakuuliza kwanza juu ya ng'ombe wa mahari, aliuliza juu ya Praha. Kisha akasema: “Mutoto yangu hatakwenda kwa mutu wa sinema. Uchague.” Zéphyrin alichagua siku hiyo hiyo. Aliapa mbele ya wazee kwamba hatatazama wala kutengeneza filamu tena, na bibi arusi naye akamwomba asimsimulie habari hizo kamwe, zisije zikamrudisha. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Julai 1974. Ndoa hiyo ilidumu miaka hamsini na moja, na kiapo hicho hakikuvunjwa.

Hakikuvunjwa, lakini kilikunjwa kidogo. Baadaye ukumbi wa video ulipofunguliwa karibu na kwao, Mama Dative alimkuta mumewe amekaa nje ya ukuta, uso kwa barabara, anakula karanga.

“Uko nafanya nini hapa, Baba Précieuse?”

“Niko napumua.”

“Mu nyumba hakuna hewa?”

“Iko. Lakini haina muziki.”

Macho yake hayakuingia. Masikio hayakutajwa katika kiapo, na Mchungaji Gasore, alipoambiwa, alicheka mpaka akafuta machozi. Mama Dative hakucheka. Alimpenda mumewe na aliogopa ile nchi ya mbali iliyokuwa ndani yake, ambayo yeye hakuwa na picha yake. Mwaka 1990 Mzee alisikia redioni kwamba Chekoslovakia imebadilika na filamu zilizofungiwa zinatolewa kabatini. Alikuwa na mtu mmoja tu wa kumwambia, na mtu huyo alikuwa amemwomba asiseme. Alipiga mluzi siku nzima.

Yaliyofuata kila mtu aliyekaa hapa leo anayajua kwa mwili wake. Vita, kukimbia, kurudi, kukimbia tena. “Rudini kwenu,” walipigiwa kelele, kana kwamba ni wageni, katika mji ambamo watoto wao wote walizaliwa. Mzee alisema jioni moja kwamba sentensi aliyoichekea akiwa kijana ilikuwa imemrudia, na mara hii haikuwa na mzaha, kwa sababu yule ng'ombe alijua kwao ni wapi na alikuta ndama bado yupo. Mwaka 2004 familia ilivuka kwenda Burundi. Tarehe 19 Novemba 2008 walifika Louisville, wakapewa nyumba karibu na Iroquois Park.

Hapa alifanya kazi ya kufunga mizigo katika ghala mpaka mwaka 2014, alikuwa shemasi, na aliwafundisha wazee wenzake kujibu maswali ya uraia. Watoto walitawanyika kama watoto wa wakimbizi wote: Précieuse, wa kwanza, yuko Gahanna, karibu na Columbus, Elisée upande wa magharibi wa Buffalo, Gloire akabaki na wazazi. Kisukari kilianza mwaka 2015. Mwaka 2021 kilimnyang'anya macho kabisa, na mwaka jana kikashika figo.

Ndipo Mzee aliposema, kwa mara ya kwanza, anachotaka. Alimwambia Elisée kwamba haogopi kufa, na haombi kuiona ile filamu, macho hayapo. Anaomba Mama Dative aione. Alisema alimwacha kijana wa Praha, aliyekuwa yeye mwenyewe, mlangoni kwa Mchungaji Gasore, na hataki kuzikwa na mke ambaye hakuwahi kumsalimia kijana huyo. Elisée aliandikia hifadhi ya filamu huko Praha. Walijibu kwamba “Mgeni” ipo, ni nzima, na kwamba Otakar Vrba alifariki mwaka 2003. Mzee aliomba aachwe peke yake kidogo.

Filamu ikaja kwa kompyuta. Iliyobaki ilikuwa kazi ngumu zaidi, kumwomba Mama Dative, mama wa maombi, avunje neno la baba yake aliyekwisha kulala. Watoto walijaribu kwa simu, akakataa. Walimtuma Mchungaji Jean Bosco Mushagalusa wa kanisa letu, ambaye alimkuta anatazama kwenye simu harusi ya watu wa Minembwe, huko nyanda za juu, saa ya tatu ya harusi hiyo.

“Mama, na hii haiko filme?”

“Hii ni harusi, Mchungaji. Harusi si sinema.”

Mchungaji aliondoka akiwa ameshindwa.

Tarehe 19 Aprili mwaka huu, Jumamosi kabla ya Pasaka, familia ilikutana kwa Précieuse, Gahanna. Baada ya chakula Mama Dative akaweka kikombe chini, akamgeukia mumewe, akauliza alichokuwa hajauliza tangu mwaka 1974.

“Ile kitu yako inasema juu ya nini?”

“Juu ya ng'ombe.”

“Ng'ombe?”

“Ng'ombe mumoja.”

“Miaka hii yote, na haukuniambia ni ng'ombe?”

“Ulinikatazaka kusema.”

Akakisogeza kikombe kando. Kisha akasema: “Bon. Ng'ombe haiko sinema. Ng'ombe ni ng'ombe. Elisée, leta.”

Walikaa sofa moja, Mzee upande wa kulia. Alikuwa amejiandaa kumtafsiria Kicheki, na kweli alianza, kila neno kichwani, anatangulia filamu. Hakufika mbali. Mama Dative akamshika mkono, akamwambia: “Nyamaza. Wewe hauone. Acha miye nikuambie.” Na mwanamke ambaye hakuwahi kutazama filamu maishani mwake akaanza kumsimulia mumewe filamu yake mwenyewe. “Ni muzuri huyu. Kiwele kimejaa, iko na mutoto ku nyumba. Hawa batu ni wajinga, hawaone? Mukubwa iko nasema. Hatasikia, mama huyu. Ona masikio.” Mzee alikuwa akitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo.

Kisha ikasikika sauti inaita ng'ombe kwa mbali, mwito wa Bijombo, mrefu, wa kijana mwenye mapafu mazuri. Mama Dative akamgeukia mumewe.

“Ni nani huyo anaita?”

“Ni miye.”

Hatujui jinsi ya kuandika uso wake. Gloire alitaka kusimamisha, Mama akakataa kwa mkono. Ng'ombe akageuka. “Anakwenda,” akasema, huku analia. “Mukubwa angali anasema, na yeye anakwenda. Na ba muziki banamufuata! Oh, Zéphyrin, banamufuata na matarumbeta!” Akaanza kucheka. Hakumwita Baba Précieuse, alimwita Zéphyrin, na alicheka mpaka kitambaa chake cha kichwani kikaanguka.

Ilipoisha akauliza kwa nini ilifungiwa: “Donc juu ya nini balificha hii?”

“Juu batu balicheka.”

“Kucheka tu?”

“Kucheka tu.”

Akafunga kitambaa upya. “Baba angecheka,” akasema. “Rudisha, Elisée. Tangu mwanzo.” Mzee, ambaye alikaa miaka hamsini na tano bila mtazamaji hata mmoja, alilala usiku huo kwa furaha tuliyoiona sote, na asubuhi akaenda kanisani kwa kushikwa mkono, anapiga mluzi.

Hali yake ilidhoofika mwezi Agosti. Alipelekwa hospitali mara kadhaa, kisha akaomba kurudi nyumbani. Alifariki Alhamisi tarehe 2 Oktoba 2025, nyumbani kwake Louisville, akiwa na miaka 79, mkono wake mkononi mwa mkewe. Familia inawashukuru wauguzi, majirani wa Iroquois, na ndugu waliosafiri kutoka Columbus na Buffalo.

Marehemu ameacha mjane, Mama Dative Nyirangabo, watoto Précieuse, Elisée na Gloire, pamoja na wenzi wao, wajukuu tisa, dada mmoja aliye Bujumbura, na watu wengi wa nyanda za juu waliomwita mwalimu. Ametanguliwa na mwanawe Mizero, aliyefariki Uvira mwaka 1998.

Mungu ailaze roho yake kwa upole, na mwili wake upumzike kwa amani.

Baada ya kutoka makaburini, wote mnaalikwa katika ukumbi wa kanisa kwa chakula. Kabla ya chakula itaonyeshwa filamu ya dakika kumi na moja, ya kwanza kuonyeshwa katika kanisa hili. Mama Dative ndiye aliyeomba, na ndiye atakayesimulia. Anawaomba watoto wakae mbele, na anawaomba wakubwa, ingawa ni siku ya msiba, wasijizuie kucheka.