Kosa la Nizar

Mbele yangu, kwenye teksi ya abiria kutoka Sfax, Bi Zohra alisoma daftari la kemia la mwanawe Nizar. Tangu Nizar avuke bahari kwenda Italia, miaka mitatu sasa, hajapiga simu.

"Ameandika gesi ikiwaka, vifungo vya molekuli vinavunjika, ndiyo joto linatoka," alimwambia abiria wa kando yake, mwalimu mstaafu.

"Amekosea, dada. Kuvunja kifungo kunakula nishati. Joto linatoka atomu zikishikana upya." Akachomoa kalamu, walimu hawastaafu kamwe. "Nimsahihishie?"

Bi Zohra akalifunga daftari. "Liache, mwalimu. Atasahihisha mwenyewe akirudi."

"Lakini kosa ni kosa, dada."

"Ni mwandiko wake."

Teksi ikasimama Tunis. Mwalimu alishuka, kalamu ingali mkononi.